Nyasi ya Kwetu, Mti wa Kwao

Asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, nikiwa sijamaliza hata miezi mitatu tangu nihamie Tucson katika jimbo la Arizona, nilisimama kwenye mteremko wa mawe pamoja na watu ishirini na kitu, wengi wao wastaafu waliovaa kofia pana, tukimsikiliza kiongozi wetu akieleza kazi ya siku hiyo. Mkononi alikuwa na kishungi cha nyasi kilichong'olewa na mizizi yake, chenye mashuke ya rangi ya kahawia yaliyofanana na mikia midogo ya mbweha. Akasema kwamba hiki ndicho tulichokuja kukitoa, kwamba nyasi hii si ya hapa, na kwamba asili yake ni Afrika. Nyuso kadhaa zilinigeukia kwa tabasamu la aibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa Mwafrika pekee pale. Nilicheka, lakini si kwa sababu waliyoidhania. Nyasi ile niliijua. Mama yangu, kule Marigat katika kaunti ya Baringo nchini Kenya, anaipanda.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Kilifi, aliyepelekwa kufundisha Baringo katika miaka ya 1980 na akakaa huko hadi akastaafu, ndiyo maana sisi watoto wake tulikua tukizungumza Kiswahili cha Pwani katikati ya Wailchamus na Watugen. Mama hakurudi Pwani baada ya msiba. Yumo katika kikundi cha kina mama waliozungushia ua ekari kadhaa za ardhi iliyokuwa tupu, wakapanda nyasi, na sasa wanauza mbegu na majani makavu kwa wafugaji wakati wa ukame. Nyasi wanayoisifu kuliko zote, kwa kuwa inavumilia jua na ng'ombe wanaipenda, ndiyo hiyohiyo aliyokuwa ameishika yule mzee wa Tucson. Wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, na Wamarekani huiita nyasi ya bufeli.

Safari yake ya kwenda Marekani haikuwa ya bahati mbaya. Katika miaka ya 1930 upepo ulikuwa umepeperusha udongo wa mashamba ya Marekani, na ng'ombe walikuwa wamemaliza malisho ya kusini-magharibi, hivyo serikali ikaanza kutafuta duniani kote nyasi zitakazoshika udongo na kustahimili kiangazi. Mbegu zilipelekwa zikajaribiwa katika vitalu, na aina iliyofaulu kupita zote, ile iliyosambazwa Texas mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa namba T-4464, ilitokana na mbegu za bonde la Turkana, kaskazini mwa Kenya. Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza nililisoma tena mara mbili. Kutoka kwetu Baringo hadi Turkana ni mwendo wa siku moja kwa gari. Nyasi iliyokuwa inanitoa jasho katika jangwa la Sonora ilikuwa, karibu tuseme, jirani yangu.

Wafugaji wa Texas walifurahi, na ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Sonora nchini Meksiko, malaki ya hekta za vichaka vya jangwani zilifyekwa ili nyasi hii ipandwe kwa ajili ya ng'ombe. Arizona hapakupandwa eneo kubwa kiasi hicho, ila iliyopandwa ilitosha. Kwa miaka mingi ilikaa kimya kando ya barabara na mabondeni, kisha kuanzia miaka ya 1980 watu wakaanza kuiona ikipanda milima. Waliopima picha zilizopigwa kutoka angani kwa miaka mingi katika milima ya Santa Catalina, iliyo juu ya mji, walikuta kwamba eneo ililolifunika huongezeka maradufu kila baada ya miaka kati ya 2 na 7.

Aliyezoea jangwa la mchanga mtupu atashangaa kuliona jangwa la Sonora, kwa sababu lina miti, lina vichaka, na lina saguaro, yale madungusi makubwa yenye mikono ambayo hayaoti mahali pengine popote duniani. Mmoja wa mimea hiyo unaweza kuishi zaidi ya miaka 150, na mara nyingi hupita miaka 50 au 70 au zaidi kabla haujatoa mkono wake wa kwanza. Jambo ambalo jicho la mgeni halilioni upesi ni nafasi. Kati ya mmea na mmea pana ardhi wazi, changarawe na vumbi, na nafasi hiyo ndiyo iliyoulinda uhai wa jangwa hili tangu zamani, kwa kuwa radi ikipiga mti mmoja, moto hauna pa kupita kwenda kwa wa pili. Nyasi ya bufeli inaijaza nafasi hiyo. Ikikauka inakuwa kama makuti yaliyoegemezwa ukutani mwa nyumba, na moto ukija unakimbia mlima mzima. Nyasi yenyewe huchipua tena kutoka kwenye mashina wiki chache baada ya mvua, ilhali saguaro, lenye ngozi nyororo iliyojaa maji na lisilojua moto ni nini, hupikwa likiwa limesimama, na pengine huanguka baada ya mwaka au miaka miwili wakati watu wamekwisha kuusahau moto wenyewe. Kwa Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili, ambao huyavuna matunda ya saguaro mwezi wa Juni na kuyahesabu madungusi hayo kuwa ni watu, hasara hiyo haiwezi kuhesabiwa kwa ekari.

Kazi yenyewe ni ya mtaimbo. Sururu haifai sana, kwa sababu shina la nyasi hujikita katikati ya mawe na ukipiga kwa nguvu unakata majani na kuacha kitovu chake ardhini, nacho kitachipua. Unausukuma mtaimbo chini ya shina kwa pembe, unaukandamiza hadi usikie mizizi ikikatika, unakung'uta udongo, kisha unakitia kishungi ndani ya gunia kwa upole ili mashuke yasipukutike. Mtu mwenye afya anaweza kung'oa vishungi mia kwa asubuhi moja, akageuka nyuma na kuona kwamba amesafisha sehemu inayotosha gari mbili kuegeshwa. Pana njia ya dawa pia, lakini dawa inafanya kazi wakati nyasi ikiwa mbichi tu, yaani wiki chache za mvua kati ya Julai na Septemba, na miezi mingine ya mwaka unakuwa unanyunyizia majani makavu na kupoteza fedha. Kwa njia yoyote ile, lazima urudi. Mbegu zilizolala udongoni huendelea kuota kwa miaka kadhaa, na aliyeng'oa mara moja akaenda zake amezitengenezea tu kitalu kizuri.

Kabla hatujapanda magari, kiongozi alitutaka tukae juu ya mawe na kutoa mbegu zote zilizonasa kwenye soksi na kamba za viatu, moja moja, na kuzitia ndani ya mfuko. Mbegu hizi zina vinyweleo laini vinavyoshika nguo, na ndivyo zinavyosafiri. Tulikaa dakika ishirini tukichambua soksi kama watu wanaochambua mchele.

Niliendelea kwenda kila mwezi kwa muda wa miaka miwili, na polepole nikaanza kuelewa kwamba kung'oa ndiyo sehemu rahisi. Sehemu ngumu nilikutana nayo siku tuliyofika juu ya kigongo fulani tulichokuwa tumekisafisha msimu uliotangulia, tukakuta upande mmoja wa seng'enge ni changarawe safi yenye miche michache, na upande wa pili nyasi imesimama hadi kiunoni, mashuke yake yakiinama juu ya seng'enge kila upepo ulipovuma. Nikauliza kwa nini tusivuke. Nikaambiwa kwamba kule ni kiwanja cha mtu binafsi anayeishi jimbo jingine, ameandikiwa barua mara tatu na hajajibu, na kwamba tukivuka bila idhini yake tumevunja sheria. Tukainama upande wetu, tukaanza upya.

Mlima mmoja pale Tucson unaweza kuwa na wenyewe watano. Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, ambayo imegawanyika sehemu mbili, moja mashariki na nyingine magharibi ya mji, ni ya serikali ya shirikisho. Msitu wa Coronado ni wa serikali hiyohiyo lakini chini ya idara nyingine yenye bajeti nyingine na wakubwa wengine. Mbuga ya Milima ya Tucson ni ya kaunti ya Pima. Ipo ardhi ya jimbo, ipo ya jiji, ipo ya Taifa la Tohono O'odham ambalo lina serikali yake, zipo kingo za barabara kuu zinazotunzwa na idara ya barabara, na yapo maelfu ya viwanja vya watu. Nyasi haina habari na yote hayo. Kila mwenye ardhi akifanya kazi nzuri ndani ya mipaka yake peke yake, na jirani asifanye, fedha za wa kwanza zimetupwa, naye akilijua hilo ana sababu nzuri ya kutoanza kabisa. Nadhani hapo ndipo magugu hushinda kila mahali, katika ule ukanda mwembamba ambao kila mmoja anasema ni wa mwenzake.

Kilichobadilisha mambo Arizona, kwa kadiri nilivyoona na kusimuliwa, hakikuwa dawa mpya wala mashine. Watu wa kujitolea walikuwa wameanza kung'oa katika ile mbuga ya kaunti mnamo mwaka 2000. Mwaka 2005 jimbo liliiweka nyasi hiyo katika orodha ya magugu yenye madhara, na hilo lilisaidia kwa sababu ofisa hawezi kutumia fedha za umma kupambana na kitu ambacho sheria inakiita malisho. Kisha mwaka 2008 wenye ardhi, wanasayansi, wazima moto na watu wa kujitolea waliandika mpango mkakati mmoja wa kusini mwa Arizona, na kuanzisha kituo cha kuratibu kazi hiyo. Nimehudhuria baadhi ya mikutano ya aina hii, na sitamdanganya msomaji: inachosha. Watu hubishana saa nzima kuhusu rangi ipi katika ramani imaanishe nini. Lakini ramani hiyo moja, ambayo kila idara inaingiza humo kila kipande inachokijua, ndiyo iliyowawezesha kuamua kwamba gari la dawa litoke kwa kaunti, vibarua watoke kwa hifadhi, na kwamba waanzie juu ya mlima ambako nyasi ni chache badala ya kuanzia bondeni ambako ni nyingi na kila mtu anaiona. Uamuzi huo wa kuacha panapoonekana na kwenda pasipoonekana ni mgumu sana kwa ofisi yoyote inayotaka kupigwa picha.

Baba angeiita kazi ile mweria, kwa jina lake la Kigiriama, yaani watu kukusanyika kulima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho. Tofauti ni kwamba katika mweria mwenye shamba hupika, watu wakala, na kila mmoja anajua zamu yake itafika. Pale mlimani tulikuwa tukilima mashamba ya watu wasiojua hata kwamba tupo.

Na wapo pia wasiotaka iondoke. Mfugaji wa Sonora aliyewekeza maisha yake katika malisho ya bufeli hawezi kuitwa mkutanoni aambiwe kwamba nyasi inayolisha ng'ombe wake ni adui, na kwa kweli nisingetaka kuwa mimi ninayemwambia. Jangwa ni moja, lakini mpaka wa nchi mbili unapita katikati yake, na kila upande una jina lake la mmea uleule. Kila nilipomfikiria mfugaji huyo nilikuwa nikimfikiria mama yangu na gunia lake la mbegu.

Sisi kule Kenya, kwa upande wetu, tulipewa mathenge. Mti huo, Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika ya kitropiki, na ulipandwa Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1973 ili kufufua ardhi ya machimbo iliyobaki mawe matupu. Baba alikuwa akisema kwamba aliujua mti huo Pwani kabla hajaukuta Marigat. Ulipelekwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na Turkana na Tana River, kwa nia njema ya kuwapa watu kuni na kuzuia upepo usibebe udongo. Nia hiyo, nikiitazama vizuri, ni ileile iliyoipeleka nyasi ya Turkana hadi Texas. Mwaka 1988 mathenge ilifunika hekta 882 katika eneo la Baringo. Kufikia mwaka 2016 zilikuwa hekta 18,792. Maganda yake ni matamu, mbuzi wanayala, na mbegu hupita matumboni zikaangushwa kilomita kadhaa mbele zikiwa na mbolea yake tayari. Utamu huohuo huyaozesha meno ya mbuzi, hata ikafika mwaka 2006 Wailchamus wakaenda Mahakama Kuu jijini Nairobi wakiwa na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Mwaka 2008 mti ukatangazwa rasmi kuwa gugu lenye madhara.

Baringo ushirikiano una ugumu wa aina nyingine. Hakuna kiwanja cha tajiri asiyejibu barua. Sehemu kubwa ni ardhi ya jamii, ambayo ni ya wote na kwa hiyo hakuna mmoja anayelazimika kuisafisha. Na mathenge ni fedha. Makaa yake ni mazuri, na kuna nyumba nyingi ambazo ada ya shule imetoka humo, yetu ikiwa mojawapo katika mwaka fulani mshahara wa baba ulipochelewa. Tatizo ni kwamba mchomaji makaa anahitaji gogo tu, na shina akaliacha. Mathenge iliyokatwa juu ya ardhi haifi, bali hurudi na matawi mengi membamba yenye miiba mirefu, kichaka kibaya kuliko mti uliokuwapo. Ili mti ufe ni lazima uchimbe hadi chini ya pale machipukizi yanapoanzia, na kuchimba ni kazi ya siku nzima isiyoleta hata debe moja la makaa.

Kikundi cha mama kilipata njia yake baada ya kugombana sana. Wachomaji makaa waliruhusiwa kuingia katika kipande kilichozungushiwa ua kwa sharti kwamba kila gogo wanalotoa litoke na kisiki chake. Kina mama nao hupanda nyasi mara mvua inaponyesha, kabla miche ya mathenge haijapata nafasi, na wazee wa mifugo hukubali kutoingiza mbuzi hadi nyasi ikomae, kwa malipo ya kuruhusiwa kukata majani wakati wa ukame. Mkataba huo umevunjwa mara kadhaa. Mwaka mmoja mtu alifungua ua usiku akaingiza ng'ombe, na kesi ikasikilizwa chini ya mti kwa siku mbili. Hata hivyo kipande kile leo ni kijani, na kukizunguka ni miiba.

Sijawahi kuweza kumweleza mama vizuri kuhusu mesquite. Mti huo ni ndugu wa karibu wa mathenge, na Tucson ndiko kwao. Hukua kando ya mabonde makavu, watu wanakaa chini ya kivuli chake, na maganda yake yalikuwa chakula kikuu cha Watohono O'odham kwa karne nyingi. Hadi leo watu huyakusanya na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga. Nilialikwa siku moja nikala chapati za maji zilizotengenezwa kwa unga wake, zenye utamu wa mbali kama wa sukari guru, na nilipompigia mama simu kumwambia nimekula mathenge, alinyamaza kidogo kisha akauliza, “Mwanangu, huko hela zimekwisha?”

Neno “vamizi” linanikera kidogo, nakiri, hasa ninapolisikia likitamkwa kuhusu kitu kutoka Afrika, katika nchi ambayo mimi mwenyewe nimeingia kwa viza. Siku moja nilimwambia hivyo yule kiongozi wetu, ambaye kila mtu alimwita kwa jina lake la kwanza na mimi nikashindwa, nikawa naepuka kumwita chochote. Hakuchukia. Alisema mmea ukija ukakaa pembeni na wenzake hana haja ya kujua umetoka wapi, naye yeye huishughulikia nyasi hii kwa ajili ya moto tu. Kisha akaniuliza huko kwetu inaliwa na nini hata isienee hivi, nikamwambia inaliwa na kila kitu: ng'ombe, mbuzi, punda, swala, mchwa. Akatazama mlima uliokuwa mbele yetu, usio na hata mbuzi mmoja, akatikisa kichwa.

Mwezi wa Aprili uliopita nilikwenda nyumbani kwa wiki tatu. Mvua zilikuwa zimeanza, na mama alinipeleka moja kwa moja kwenye kipande kipya walichokuwa wakikisafisha, ambako vijana wanne walikuwa ndani ya shimo wakipambana na kisiki cha mathenge kwa mtaimbo, uleule mtaimbo, wakiusukuma chini kwa pembe. Niliwapokea zamu moja nikasifiwa kwamba mikono yangu haijasahau kazi. Kisha nikapewa gunia, nikafuata mstari wa kina mama wanaopanda, nikizishika konzi za mbegu zenye vinyweleo na kuziacha zianguke katika mifereji iliyochimbwa kuzuia maji. Mbegu zile hazimwagiki kama mahindi. Zinashikana, zinapeperuka, na unapaswa kuzikandamiza kwa mguu.

Jioni, tulipokaa nje tukingoja chai, nilijikuta nimevua viatu na kuanza kuzitoa mbegu kwenye soksi, moja moja, nikiziweka kiganjani na kutafuta kwa macho mfuko wa kuzitia. Mama alinitazama kwa muda.

“Unafanya nini?”

“Natoa mbegu, Mama.”

“Unampelekea nani? Zitupe hapo hapo.”

Nikazitupa pale miguuni petu, karibu na kizingiti, naye akaburuta ndala yake mara mbili juu ya udongo ili zifunikwe.